Raspberry Pi 4 na sauti inayokatakata: ninunue bodi mpya au nibadili namna ya kufanya kazi?

Swali: Laptopu niliyokuwa nikitengenezea biti kwa FL Studio imekufa. Nimebaki na Raspberry Pi 4 ya GB 4, kinanda kidogo cha MIDI na hedifoni. Nimeweka LMMS, lakini nikifikisha traki sita au saba sauti inaanza kukatakata na kutoa mlio wa tiki-tiki, ingawa kipimo cha prosesa kinaonyesha asilimia 40 tu. Nataka pia kurekodi sauti yangu na gitaa. Je, kuna namna ya kuweka FL Studio humu? Ninunue Pi 5, au niachane kabisa na hizi bodi ndogo?

Jibu: Usinunue bodi nyingine kwa sasa. Hiyo Pi 4 inaweza kukufikisha kwenye wimbo kamili, kuanzia ngoma ya kwanza mpaka sauti yako juu ya biti, mradi ukubali mambo mawili. FL Studio hutaipata humo. Na hutaweza kufanya kazi kama ulivyozoea kwenye laptopu, yaani kufungua kila kitu kwa wakati mmoja na kukiacha kikipiga moja kwa moja mpaka siku ya kumiksi. Fedha uliyotaka kuitia kwenye Pi 5, itie kwanza kwenye kadi ya sauti ya USB na, kama huna, kwenye adapta sahihi ya umeme. Sababu zake ni ndefu kidogo, lakini ukizielewa utaweza kujitengenezea mwenyewe bila kumuuliza mtu kila sauti inapokatika.

Nianze na FL Studio, maana hapo hakuna mengi ya kujadili. Image-Line wanaitoa kwa Windows na macOS, si kwa Linux, ambao ndio mfumo wa Pi yako. Tena prosesa ya Pi ni ya ukoo wa ARM, wakati plagini nyingi za VST (programu ndogo za ala na madoido) za Windows zimeandaliwa kwa ajili ya prosesa za Intel na AMD. Njia za kutafsiri zipo: Box64 hugeuza amri za x86, yaani za ukoo wa Intel na AMD, kuwa za ARM wakati programu ikiendelea, na Wine hushika nafasi ya Windows. Ni kazi za ufundi mkubwa, na kwa programu za kawaida zinasaidia sana. Kwenye muziki, tafsiri hiyo inakula nguvu ileile unayoihitaji kutengenezea sauti, tena bila mpangilio unaotabirika. Sikushauri. Bitwig Studio, programu nyingine ya muziki, ina toleo la Linux, lakini ni la x86 peke yake, kwa hiyo nayo haiingii. Kuhusu miradi yako ya zamani, ukipata kompyuta ya kuazima hata kwa saa moja, ifungue na utoe kila traki kama faili ya WAV. Hizo zitafunguka popote.

Sasa tuje kwenye asilimia 40, maana hapo ndipo penye kiini cha swali lako.

Kadi ya sauti hailishwi sampuli (kipimo kimoja kidogo cha sauti) moja moja. Inalishwa kwa mafungu. Ukiweka bafa, yaani ukubwa wa fungu, ya sampuli 256 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila fungu lina urefu wa milisekunde 5.3. Maana yake, kila baada ya milisekunde 5.3 programu inatakiwa iwe imeshapiga hesabu za ngoma, besi, mwangwi na kila kitu kingine, ikabidhi fungu lililokamilika na kuanza lingine. Ni kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji kuzima moto: haisaidii kujua kwamba kwa saa nzima wamepitisha ndoo nyingi, kwa sababu mmoja akichelewa, mikono ya wa mwisho inabaki mitupu. Ule mlio wa tiki unaousikia ni fungu ambalo halikufika kwa wakati. Watu wa Linux wanauita xrun.

Kile kipimo cha prosesa hakioni hayo. Kinakupa wastani wa viini vyote vinne vya Pi 4, kwa muda mrefu sana ukilinganisha na milisekunde 5. Kiini kimoja kinaweza kuwa kimezidiwa kabisa huku vitatu vikiwa karibu havina kazi, na wewe ukasoma asilimia 40 ukadhani nafasi ipo tele. Hilo hutokea mno kwenye muziki, kwa sababu traki yenye sinthesaiza, kisha kompresa, kisha mwangwi, ni mnyororo. Kompresa haiwezi kuanza kabla sinthesaiza haijamaliza, na mwangwi unaisubiri kompresa. Mnyororo wa namna hiyo haugawanywi kwa viini viwili, hata ungekuwa na vinane. Traki ya masta ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa plagini zilizo juu yake zinasubiri traki zote zimalize ndipo zianze. Ukiwa na tabia ya kuweka limita na ikwalaiza nzito kwenye masta tangu siku ya kwanza ya biti, ziondoe leo. Huenda nusu ya tatizo lako ikaondoka nazo.

Kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta kinachochelewesha fungu. Zipo sababu kadhaa zisizohusiana na muziki hata kidogo, na ndizo za kuanza nazo kwa kuwa ni rahisi kuzipima.

Ya kwanza ni umeme. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3. Chaja nyingi za simu zinaandika namba nzuri, lakini volti hushuka bodi inapovuta kwa nguvu, hasa kwa waya mrefu au mwembamba. Volti zikishuka kupita kiasi, bodi inajipunguzia kasi ili isizimike. Hutaona chochote zaidi ya alama ya radi kwenye skrini, na wengi huizoea kama pambo. Piga biti yako kwa dakika kumi, kisha andika kwenye terminali:

vcgencmd get_throttled

Ikikujibu 0x0, umeme na joto viko salama. Ikikujibu 0x50000, volti zilishuka na kasi ikapunguzwa tangu bodi iwashwe, hata kama sasa hivi mambo yanaonekana shwari. Hapo usihangaike na mpangilio wowote wa programu kabla hujabadilisha adapta.

Ya pili ni joto. Pi 4 huanza kujipunguzia kasi ikikaribia nyuzi 80, na ikifika 85 inapunguza zaidi. Bodi iliyofungwa ndani ya kasha la plastiki lisilo na kipozeo hufika huko bila shida ukiwa katikati ya kazi. Amri ya vcgencmd measure_temp itakuambia. Kwa muziki mimi napendelea kasha la alumini ambalo lenyewe ndilo kipozeo, kwa sababu feni inaingia kwenye maikrofoni wakati wa kurekodi. Kama una feni, ihamishe mbali au rekodi ukiwa umeizima na traki nyingine zikiwa zimepunguzwa.

Ya tatu haijulikani na wengi. Ili kuokoa umeme, Linux hushusha mwendo wa prosesa inapoona kazi imepungua, na kuupandisha kazi inapoongezeka. Kwa anayesoma barua pepe ni jambo jema. Kwa biti, kile kipande kitupu kabla ya kiitikio kinaifanya prosesa isinzie, halafu ala zote zinaingia kwa pamoja kabla haijaamka. Ile tiki inayotokea kila mara mahali palepale pa wimbo mara nyingi chanzo chake ni hiki. Ifunge prosesa kwenye mwendo wake wa juu kwa amri hii:

echo performance | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu*/cpufreq/scaling_governor

Ukizima na kuwasha bodi itarudi ilivyokuwa, kwa hiyo iandike tena kila unapoanza kazi, au iweke kwenye skripti ya kuwashia.

Baada ya hapo hakikisha programu ya muziki ina haki ya kupita mbele ya foleni. Mtumiaji wako awe kwenye kundi la audio, na kwenye folda ya /etc/security/limits.d kuwe na faili yenye mistari hii miwili:

@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited

Mstari wa kwanza unairuhusu programu ya sauti kudai prosesa kabla ya wengine. Wa pili unazuia kumbukumbu yake isihamishiwe kwenye kadi ya SD, ambako kuirudisha kunachukua muda mrefu kuliko mafungu mengi ya sauti. Kisha funga kivinjari. Nasema hivyo kwa msisitizo, kwa kuwa ukurasa mmoja wa video unaweza kukuharibia kipindi kizima, na kuzima Wi-Fi wakati wa kurekodi nako kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kuhusu kerneli (moyo wa mfumo wa Linux) maalumu za muda halisi, usianze nazo. Kwa bafa za 128 na kuendelea, kerneli ya kawaida ya Raspberry Pi OS inatosha watu wengi, na ule mradi wa miaka mingi uitwao PREEMPT_RT uliingizwa kwenye Linux yenyewe kuanzia toleo 6.12 la mwaka 2024, kwa hiyo siku ukihitaji itakuwa rahisi kuupata.

Hukusema hedifoni umeichomeka wapi. Kama ni kwenye tundu la milimita 3.5 la Pi 4 yenyewe, uhamie kwingine. Tundu lile halina kigeuzi halisi cha sauti. Sauti inaundwa kwa mapigo ya haraka ya umeme yanayochujwa kidogo, na unachosikia kina mvumo wa chini na kelele zisizo za wimbo wako. Utamiksi ukizikimbia kasoro zisizokuwemo. Na kwa kuwa unataka kurekodi, bodi haina pa kuingizia maikrofoni kabisa. Ndiyo maana nimesema kadi ya sauti kabla ya Pi 5.

Chagua ya USB inayofuata kiwango cha kawaida cha sauti kwa USB. Njia nyepesi ya kuitambua ni maelezo yanayosema inafanya kazi na iPad bila draiva. Ikifanya kazi huko, karibu kila mara Linux nayo itaitambua. Iwe na ingizo moja la maikrofoni lenye volti 48 (umeme wa kuendeshea maikrofoni zinazouhitaji), ingizo moja la gitaa, na kitufe cha kujisikia moja kwa moja, yaani sauti yako inarudi kwenye hedifoni kabla haijapita kwenye kompyuta. Kitufe hicho nitakirudia muda si mrefu. Ziko pia kadi zinazokaa juu ya pini za Pi, kama za HiFiBerry, au Pisound ya Blokas yenye tundu za MIDI. Ni nzuri, hasa kwa mtu anayejenga ala ya kudumu, ila kwako USB ni bora kwa sababu utaihamishia kwenye kompyuta yoyote utakayoipata baadaye. Kumbuka tu kwamba matundu yote manne ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2. Kadi ya sauti, maikrofoni ya volti 48, kinanda na diski ya SSD kwa pamoja vinaweza kupita hapo, na hapo ndipo habu ya USB yenye adapta yake inapohitajika.

Sasa ukubwa wa bafa. Wengi wanaitafuta namba moja sahihi, na hakuna namba ya namna hiyo; kila hatua ya kazi ina bafa yake. Unapopanga noti kwa kipanya, hakuna anayeona kuchelewa, kwa hiyo weka 1024 na uipe prosesa milisekunde 21 za kupumua kwa kila fungu. Unapopiga kinanda cha MIDI kwa vidole, unahitaji 128 au 256. Kadi kwa kawaida hushika mafungu mawili au matatu kwa zamu, basi 128 mara mbili inakupa milisekunde 5.3, na 256 mara tatu inakupa 16. Wapigaji wengi hawasumbuki chini ya milisekunde 10 hivi. Kumbuka sauti hewani husafiri karibu sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo mpiga gitaa aliyesimama mita tatu kutoka kwenye spika yake anaisikia baada ya milisekunde tisa, na hakuna anayelalamika. Usijitese kutafuta bafa ya 32 kwenye bodi hii kwa sababu tu umeona mtu anajisifu nayo.

Unapoimba, tumia kile kitufe cha kujisikia moja kwa moja. Ukikitumia, kuchelewa kwa kompyuta hakukuhusu tena, kwa kuwa sauti yako haikusubiri chochote kabla ya kufika masikioni. Unaweza kurekodi sauti ya kuimba kwa bafa ya 1024 juu ya biti nzito na usisikie tofauti. Ni kitufe kidogo kinachofanya kazi ambayo fedha ya prosesa mpya isingeifanya vizuri zaidi. Kati ya unavyotaka kurekodi, gitaa lenye madoido ya programu ndilo peke yake linalodai bafa ndogo, maana hapo unataka kusikia sauti iliyokwisha kubadilishwa. Kwa gitaa hilo, zima au gandisha (yaani geuza kuwa faili ya sauti) kila kitu kingine na ulipigie juu ya biti iliyotolewa kama faili moja.

Kama Raspberry Pi OS yako ni ya Bookworm, ya mwaka 2023, au ya baadaye, sauti inasimamiwa na PipeWire. Unaweza kubadilisha ukubwa wa fungu bila kufunga programu, ukiandika:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 256

Badala ya 256 weka unachotaka, na 0 inarudisha hali ya kawaida. Programu ya pw-top nayo iache wazi pembeni. Ina safu iitwayo ERR inayohesabu makosa kwa kila programu, nayo ndiyo kipimo cha kuamini badala ya ile asilimia 40.

Kuhusu programu yenyewe: LMMS si chaguo baya, na kwa mtu aliyetoka FL Studio mpangilio wake unaeleweka haraka. Lakini matoleo yake ya 1.2, ambayo ndiyo yameenea, hayarekodi sauti kutoka kwenye maikrofoni. Hilo watu hulijua wakiwa wamekwisha kuchomeka kila kitu. Basi itumie LMMS kwa biti tu. Ukimaliza, tumia amri yake ya kutoa traki, ambayo inaandika kila traki kama faili yake, kisha zipeleke faili hizo kwenye programu ya kurekodia.

Kwa kurekodia mimi ningekuelekeza REAPER. Cockos wanatoa toleo la Linux kwa prosesa za ARM, faili yake ni ndogo sana, inafunguka haraka hata kwenye kadi ya SD, na wanakupa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili kabla ya kulipia. Ina amri ya kugandisha traki: sinthesaiza na madoido yake vinaandikwa kama sauti ya kawaida, plagini zinapumzishwa, na ukitaka kurekebisha unaifungua tena. Kwenye Pi, kugandisha ndiyo njia ya kawaida ya kufanya kazi. Traki inayosoma faili ya WAV haisumbui prosesa hata kidogo ukiilinganisha na inayounda sauti upya kila wakati. Kabla hujaipakua, hakikisha mfumo wako ni wa biti 64 kwa amri ya getconf LONG_BIT, kwa sababu Pi nyingi bado zina mfumo wa biti 32 na mtu akachukua faili isiyo yake. Ukitaka isiyo na malipo, Ardour na Qtractor zote zimo kwenye hazina ya programu za Debian kwa ARM. Ardour ni kamili kuliko zote kwa kurekodi na kumiksi, ingawa dirisha lake linahitaji skrini kubwa na uvumilivu kidogo. Qtractor ni nyepesi mno, na ni miongoni mwa programu ninazozipenda kwa bodi ndogo.

Kama uko tayari kujifunza namna nyingine ya kuandika muziki, jaribu SunVox. Noti zinashuka kwenye safu kutoka juu kwenda chini, na sinthesaiza zake zimeandikwa kwa uangalifu kiasi kwamba hata bodi za zamani zinazibeba. Renoise nayo ni ya mtindo huohuo na ina toleo la ARM. Halafu iko Sonic Pi, ambayo Sam Aaron aliiandika kwa ajili ya Raspberry Pi tangu enzi za bodi ya kwanza ya 2012. Ndani yake unatunga muziki kwa kuandika msimbo, na injini yake ya sauti ni SuperCollider.

Uzito wa ala ndani ya LMMS unatofautiana sana, na hapa ndipo unaweza kuokoa traki mbili tatu bila kupoteza chochote kwenye wimbo. TripleOscillator ni nyepesi. ZynAddSubFX ina injini tatu ndani yake: ile ya PADsynth, pamoja na ukubwa wa sauti yake, hupiga hesabu nyingi mapema na kisha kucheza tu sauti iliyokwisha kutengenezwa; ile ya ADsynth yenye sauti nyingi zilizorundikwa pamoja ndiyo inayokausha prosesa. Kila noti unayoshika inazidisha kazi yote hiyo, na noti yenye mkia mrefu inaendelea kuhesabiwa hata baada ya wewe kuondoa kidole. Kodi ya noti nne zinazopigwa pamoja, yenye mkia wa sekunde tano, ikibadilishwa kila nusu mstari, inaweza kuwa na noti zaidi ya kumi zinazohesabiwa kwa wakati mmoja. Fupisha mkia, punguza idadi ya noti zinazoruhusiwa kwa pamoja, na ulipunguze lile rundo la sauti kutoka saba hadi tatu. Kwenye biti iliyojaa hakuna atakayesikia tofauti.

Mwangwi uwe mmoja kwenye chaneli yake, na traki zote zipeleke sehemu ya sauti zao huko. Mwangwi saba kwenye traki saba ni gharama ya bure, na hata sauti ya wimbo hutulia zaidi vyombo vikisikika kana kwamba viko chumba kimoja. Epuka mwangwi unaotumia sauti iliyorekodiwa ya ukumbi halisi mpaka siku ya kumiksi, kadhalika ikwalaiza zenye awamu linganifu (linear phase) na plagini zinazozidisha kasi ya sampuli ndani yake. Plagini za LV2 za kundi la x42 na za LSP zinapatikana kwa ARM na zinatosha kwa ikwalaiza, kompresa na limita.

GB 4 za kumbukumbu si tatizo lako, isipokuwa ukitaka maktaba kubwa za ngoma au piano zilizorekodiwa. Kadi ya SD nayo watu huilaumu kwa sababu isiyo sahihi. Traki moja ya biti 24 kwa kila sampuli, sampuli 48,000 kwa sekunde, inaandika kilobaiti 144 tu kwa sekunde. Kumi hazifiki megabaiti 1.5, na kadi yoyote ya leo inaweza. Tatizo la kadi ni kusita kwa ghafla inapopanga data zake, na kuchakaa. Rekodia kwenye SSD iliyochomekwa kwenye tundu la buluu la USB 3, kadi ibaki na mfumo tu. Na zima bodi kwa amri yake, kamwe usichomoe waya, kwa kuwa mradi wa wiki nzima unaweza kupotea hapo.

Umeuliza pia kama uachane na bodi hizi. Angalia watengenezaji wa ala wenyewe wanafanya nini: Korg walijenga sinthesaiza zao za wavestate, modwave na opsix juu ya Raspberry Pi Compute Module 3, ambayo ni dhaifu kuliko Pi 4 yako. Watu wanapanda nazo jukwaani. Siri yao ni kwamba bodi ile inafanya jambo moja, na kila fungu limehakikishiwa kufika. Wewe pia unaweza kufanya hivyo. Zynthian inaigeuza Pi kuwa sinthesaiza na kisindika madoido kimoja. MiniDexed haitumii hata Linux. Inaiwasha bodi moja kwa moja kama sinthesaiza nane za Yamaha DX7, na kwa kuwa hakuna mfumo wa kuchelewesha chochote, inajibu vidole kwa wepesi unaofurahisha. Bela, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London juu ya BeagleBone Black yenye kiini kimoja tu, inashusha kuchelewa chini ya milisekunde moja. Hata ukija kupata laptopu nyingine, hiyo Pi 4 ina maisha marefu mbele yake kama ala.

Pi 5 ni nzuri, sikatai. Viini vyake vya Cortex-A76 kwa GHz 2.4 vinafanya kazi mara mbili hadi tatu ya Pi 4, na ina njia ya kuwekea diski ya NVMe. Lakini inataka adapta ya volti 5 kwa ampea 5 ili itoe umeme kamili kwenye USB, inataka kipozeo, na tundu la hedifoni haina kabisa, kwa hiyo kadi ya sauti utainunua vilevile. Bodi zenye Rockchip RK3588, kama Orange Pi 5 Plus, zina viini vinne vikubwa na vinne vidogo. Kwa namba zinavutia, ila mfumo ukiihamishia kazi ya sauti kwenye kiini kidogo katikati ya wimbo utasikia, na itabidi uifunge kwenye vikubwa kwa amri ya taskset. Tena msaada wa kerneli na idadi ya watu waliokwisha kupita njia hiyo ni ndogo kuliko kwa Pi. Kwa mtu anayetaka kutunga na si kurekebisha mfumo, hilo lina uzito. Na kama moyo wako bado uko kwenye Bitwig au plagini za x86, usiruke kwenda Pi 5: tafuta bodi au kompyuta ndogo yenye Intel N100, kama Radxa X4, kwa sababu hapo tafsiri haihitajiki.

Fanya hivi kwanza: adapta, kipozeo, prosesa kwenye mwendo wa juu, bafa ya 1024 unapopanga, masta bila plagini, mwangwi mmoja. Fungua ule mradi wa traki saba na uangalie safu ya ERR kwenye pw-top wimbo ukipiga mwanzo hadi mwisho. Namba ikibaki palepale, nunua kadi ya sauti uanze kurekodi. Ikiendelea kupanda, zima traki moja moja mpaka itulie. Traki utakayoikuta ndiyo ya kugandisha. Ukifika mahali umegandisha karibu kila kitu na bado ERR inapanda unapopiga ala moja kwa 256, hapo Pi 4 imekupa yote iliyonayo, na Pi 5 itakuwa matumizi mazuri ya fedha yako.